Kinachobaki katika Mchuzi: Thamani ya Kilishe ya Gumbo ya Kuku na Vyakula vya Baharini ya Louisiana

Majedwali ya lishe huorodhesha vyakula kimoja kimoja: kuku peke yake, kamba peke yao, bamia peke yake. Utaratibu huo unafaa kwa chakula kinacholiwa kikavu. Kwa mchuzi mzito uliopikwa kwa moto mdogo kwa saa tatu, hesabu hiyo hupotosha kwa namna mbili: huonesha upotevu mahali ambapo virutubishi vimehama tu, na huficha nishati iliyotiwa chunguni kabla ya nyama. Gumbo, kitoweo cha jimbo la Louisiana nchini Marekani kinacholiwa kwa wali, inadhihirisha tatizo hilo vizuri.

Jina lenyewe linaelekeza kwenye bamia. Kwa kawaida huhusishwa na neno ki ngombo la lugha za Kibantu za Angola, lililofika huko pamoja na Waafrika waliopelekwa utumwani. Msomaji wa Kiswahili, ambaye neno lake bamia lina asili ya Kiarabu, hukutana hapo na ndugu wa lugha yake aliyevuka bahari nyingine. Hata hivyo, si kila gumbo hutiwa bamia. Wapo wanaotumia unga wa majani ya sasafrasi, ujuzi uliorithiwa kutoka kwa Wachoctaw, na wengi huanza na roux, yaani unga wa ngano uliokaangwa katika mafuta ya kiasi sawa na huo unga.

Uchaguzi wa kizito hicho ndio unaoamua nishati ya bakuli kuliko jambo lingine lolote. Gramu 120 za mafuta hutoa takriban kilokalori 1,080, na gramu 120 za unga hutoa takriban 430. Chungu cha watu wanane basi huanza na kilokalori zipatazo 190 kwa kila mlaji, kabla ya kuku na kabla ya wali. Gramu 300 za bamia hutoa takriban kilokalori 100 kwa chungu kizima, pamoja na nyuzilishe zinazoyeyuka, ambazo ndizo ute wenyewe. Tena, kadiri unga unavyokaangwa hadi kuwa na rangi ya chokoleti, ndivyo wanga wake unavyovunjika na kupoteza uwezo wa kufanya mchuzi uwe mzito. Mpishi anayependa ladha ya roux nyeusi hulazimika kuongeza kiasi chake, na mafuta huongezeka pamoja nayo.

Upande wa protini, kuku na vyakula vya baharini hudai muda tofauti. Paja la kuku lina kolajeni nyingi, ambayo hugeuka taratibu kuwa jelatini na kuupa mchuzi ulaini unaoshika midomoni. Ulaini huo mara nyingi huchukuliwa kuwa dalili ya lishe bora, lakini jelatini haina triptofani, mojawapo ya asidi amino za lazima. Protini kamili imebaki katika nyama. Kamba, kwa upande wao, wana kolajeni kidogo na huiva kwa dakika tatu hadi tano. Wakiachwa chunguni tangu mwanzo hukaza na kusinyaa, maji yao yakitoka pamoja na sehemu ya vitamini B na madini.

Hapo ndipo neno upotevu linapohitaji uangalifu. Potasiamu haiharibiwi na moto, na zinki ya chaza vilevile. Kilichotoka katika nyama kimo ndani ya bakuli, mradi mchuzi unaliwa wote. Vitamini C ya bamia ni suala jingine, kwa kuwa joto na hewa huiharibu kwelikweli, na thiamini nayo hupungua kwa kupikwa muda mrefu.

Kanuni hiyohiyo ya kuhama huihusu chumvi. Vijiko vidogo vitatu, takriban gramu 18, katika chungu cha watu wanane humpa kila mmoja zaidi ya gramu 2, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza chini ya gramu 5 kwa siku nzima kwa mtu mzima. Chumvi ya soseji ya kuvutwa moshi, ambayo wapishi wengi huiongeza, bado haijahesabiwa. Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu anayeweka soseji pembeni ya sahani ameepuka sehemu tu ya chumvi yake.

Kwa mwenye mzio wa kamba na kaa hatari ni kubwa zaidi. Tropomiosini, protini inayosababisha sehemu kubwa ya mzio huo, hustahimili joto la kuchemsha na huingia katika mchuzi. Kumchotea mtu huyo vipande vya kuku pekee kutoka katika chungu hichohicho hakumwondolei hatari. Chungu chake hupaswa kutengwa kabla kamba hawajatiwa, na upawa wake pia.