Viza ya Schengen: soma stika kabla hujakata tiketi

Stika ya viza ya Schengen ina mambo mawili ambayo wasafiri wetu wengi huyachanganya, na mchanganyo huo huwatia matatani watu waaminifu kabisa. Kuna tarehe, yaani viza inaanza kutumika lini na inakoma lini. Halafu kuna idadi ya siku ambazo mwenye viza anaruhusiwa kukaa. Mara nyingi siku hizo ni chache kuliko kipindi chenyewe, kwa sababu balozi huongeza siku 15 za tahadhari iwapo safari itachelewa kuanza. Hizo 15 si siku za kukaa.

Chukua mama wa Tanga anayekwenda Hamburg kumtunza binti yake aliyejifungua. Stika inasema 1 Juni hadi 13 Septemba, siku 90. Akiingia Juni mosi, siku yake ya mwisho ni 29 Agosti, maana siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Tiketi ya kurudi tarehe 10 Septemba, aliyokatiwa na mkwewe kwa nia njema, itamkuta amepitisha siku 12.

Na hesabu haiishii hapo. Kanuni ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na kipindi hicho cha siku 180 husogea kila kunapokucha. Afisa wa mpakani huanzia leo, akarudi nyuma siku 180, akajumlisha siku zote ulizokaa. Kwa hiyo mama yetu akizimaliza siku zake 90, hata apate viza mpya, hawezi kuingia tena kabla ya 28 Novemba. Wala kuhamia kwa nduguye Paris hakumsaidii, kwani nchi zote 29 za Schengen huhesabiwa pamoja. Uswisi na Norway zimo, ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland ni mwanachama lakini haimo. Uingereza ina viza yake. Tume ya Ulaya imeweka kikokotoo cha bure mtandaoni, na kila familia yenye mtu huko ingekitumia kabla ya kulipia nauli. Zamani siku zilihesabiwa kwa mihuri, na mihuri hufifia. Oktoba 2025 ulianza kutumika mfumo wa kompyuta unaoandika kila anayeingia na anayetoka, pamoja na picha na alama za vidole. Aliyepitisha muda sasa anaonekana papo hapo, na adhabu yaweza kuwa faini au marufuku ya kurudi.

Ombi lenyewe hugharimu euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Ukinyimwa, hazirudi. Naliona jambo hili kuwa dhuluma kwa kijana wa Kisumu aliyealikwa kwenye mkutano: ada, bima, nauli ya kwenda Nairobi kuchukuliwa alama za vidole, vyote vinapotea kwa karatasi moja. Ndiyo maana faili lisipelekwe nusunusu. Afisa anayelisoma hakujui. Anachotaka ni karatasi zinazosema jambo moja. Barua ya mwajiri ikitaja likizo ya wiki mbili na bima ikawa ya miezi miwili, ataamini ipi? Fedha nyingi zilizoingia benki juzi tu, bila maelezo, huzua shaka kuliko akiba ndogo ya miezi mingi.

Mwenyeji naye ana kazi yake. Ujerumani, huenda ofisi ya wageni ya mji wake kusaini ahadi rasmi ya kubeba gharama. Ufaransa, cheti cha kumpokea mgeni hutolewa na halmashauri ya mji. Barua ya kawaida ya mwaliko haiwi mbadala wa hati hizo. Bima ifikie angalau euro 30,000 na ifae nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe haijapita miaka 10 tangu kutolewa, ibaki na miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka, na iwe na kurasa mbili tupu. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi huchukua siku 15, lakini waweza kufika 45. Peleka uthibitisho wa nafasi ya ndege. Tiketi isiyorudishiwa fedha isubiri viza.

Wasomaji wa Kongo na Somalia wakumbuke kwamba pasipoti zao zinahitaji viza hata kubadilisha ndege tu ndani ya uwanja wa Ulaya, isipokuwa kwa makundi machache yaliyosamehewa. Na wakala yeyote anayeahidi viza ya uhakika anadanganya, kwani uamuzi ni wa ubalozi peke yake.

Ukiipata, weka mwaliko, bima na tiketi ya kurudi kwenye mkoba wa mkononi, maana viza haikuhakikishii kuingia na afisa wa mpakani ana haki ya kuviuliza. Nyama na maziwa, hata zawadi ya samli ya nyumbani, haviruhusiwi. Fedha taslimu kuanzia euro 10,000 lazima zitangazwe.

Ukinyimwa, utapewa fomu yenye sababu iliyotiwa alama. Unayo haki ya kukata rufaa, na muda wake huandikwa humo, kwa hiyo isome siku hiyohiyo. Ukiamua kuomba upya badala ya kukata rufaa, ombi hilo lijibu sababu iliyotiwa alama kwa hati ambayo faili la kwanza halikuwa nayo.