Radiali au baiasi? Soma ubavu wa tairi kabla ya safari ndefu

Wamiliki wa pikipiki wanaojiandaa kwa safari za masafa marefu wanashauriwa kukagua aina ya matairi yao kabla ya kuondoka. Gari lina magurudumu manne, lakini pikipiki ina mawili tu, na sehemu ya kila tairi inayogusa lami ni ndogo kama kiganja cha mkono. Tairi la nyuma likipasuka pikipiki ikiwa kwenye kasi ya kilomita 80 kwa saa, mwendeshaji na abiria wake wamo hatarini papo hapo.

Madukani kuna aina mbili kuu za matairi: baiasi na radiali. Kwa nje yanafanana. Tofauti iko ndani.

Ndani ya tairi la baiasi, nyuzi za nailoni hupangwa mshazari, tabaka moja likikatiza jingine kama ukili wa mkeka. Ubavu wake huwa mgumu. Hubeba mzigo vizuri kwa mwendo wa wastani, huvumilia mawe na mashimo ya barabara za changarawe, na bei yake ni nafuu. Udhaifu wake ni joto. Kila gurudumu linapozunguka tairi hubonyea na kurudi, tabaka zake husuguana, na mwendo wa kasi wa saa nyingi hulichosha haraka.

Ndani ya tairi la radiali, nyuzi hutoka ukingo mmoja hadi mwingine moja kwa moja, kisha mikanda imara huzungushwa chini ya sehemu inayokanyaga barabara. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilisajili ubunifu huo kwa ajili ya magari mwaka wa 1946, na baadaye ukaingia kwenye pikipiki. Ubavu wa radiali hunyumbulika bila kuvuruga sehemu ya kukanyagia, hivyo tairi halichemki upesi na hushika lami vyema kwenye kona. Hata hivyo, bei yake iko juu, na ubavu wake mwepesi unaweza kujeruhiwa na mawe makali.

Jinsi ya kutambua

Maandishi yaliyo ubavuni yanaeleza kila kitu. Ukiona 3.00-18 au 90/90-21, kile kistari kinaonyesha kuwa tairi ni baiasi. Herufi R, kama katika 140/80R17, ni radiali. Herufi B ni baiasi iliyoongezewa mkanda.

Baada ya vipimo hivyo huwa kuna nambari ya uzito na herufi ya kasi. Nambari 50 ina maana kuwa tairi linabeba hadi kilo 190, na 57 ni kilo 230. Herufi P ni kasi isiyozidi kilomita 150 kwa saa. H ni 210. Uzito huo ni pamoja na sehemu ya uzito wa pikipiki yenyewe, si mzigo na abiria pekee. Sheria ya Trafiki inaruhusu abiria mmoja tu.

Tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT ni tarehe ya kutengenezwa. 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka wa 2024. Tairi lililokaa miaka mingi dukani hukauka na kupasuka nyufa hata kama meno yake ni mapya.

Lipi linakufaa?

Kwa pikipiki za cc 100 hadi 150, zikiwemo nyingi za bodaboda, baiasi ndilo chaguo sahihi. Rimu zake ni nyembamba na mwendo wake hauhitaji radiali. Fedha za ziada afadhali zinunue baiasi jipya lenye nambari kubwa ya uzito kuliko radiali lililotumika.

Kwa pikipiki kubwa inayokimbia lami siku nzima ikiwa na mizigo, kwa mfano kutoka Isiolo hadi Moyale, radiali lina manufaa zaidi, mradi mtengenezaji wa pikipiki ameliidhinisha.

Usichanganye aina hizi mbili kwa kukisia. Baadhi ya pikipiki, kama Royal Enfield Himalayan 450, hutoka kiwandani zikiwa na baiasi mbele na radiali nyuma, lakini mpangilio huo umejaribiwa na watengenezaji. Fuata kitabu cha pikipiki yako, si ushauri wa muuzaji anayetaka kumaliza bidhaa zilizobaki.

Pima upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa sababu hata radiali ghali huchemka likikosa upepo wa kutosha. Ukifunga tairi jipya, endesha polepole kwa takriban kilomita 150 za kwanza, kwani mpira mpya huteleza. Na meno yakilingana na vinundu vya alama ya TWI, tairi hilo limemaliza kazi. Libadilishe kabla ya safari.