Ua la Usambara na Kivuli Chake

Ukiingia katika nyumba za Wajerumani si ajabu ukakuta dirishani, ndani ya chungu, mmea mfupi wenye maua ya zambarau na majani yenye vinyweleo kama mahameli. Ukiuliza jina lake utatajiwa Usambara. Naam, Usambara hii hii ya mkoani Tanga.

Aliyeupeleka Ulaya ni Baron Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia kwa heshima ya baron huyo. Wenyeji waliouona tangu zamani hawakutajwa. Tangu 2015 wataalamu wameuingiza katika jamii ya Streptocarpus, lakini wauza maua wengi wameng'ang'ania jina la zamani.

Uliwezaje kuenea haraka hivyo? Jani moja latosha. Chomeka kikonyo chake katika udongo wenye unyevu, utaota mizizi na kutoa mche. Basi wafanyabiashara hawakuwa na haja ya kurudi Tanga kila mara kutafuta mbegu.

Huku kwao hali ni nyingine. Mmea huu hukaa juu ya miamba, kandokando ya vijito, mizizi yake ikishika udongo kiduchu na majani yaliyooza ndani ya nyufa. Baadhi yake huota katika mawe ya chokaa karibu na mji wa Tanga, na jamaa zake wako Uluguru, Nguru na hata Taita, Kenya. Jua kali hauliwezi. Kinachouhifadhi ni miti mikubwa iliyo juu yake. Mti ukiangushwa, jua hupiga mwamba, unyevu hukauka, na mmea hufa ingawa mwenye shoka hakuugusa wala pengine kuuona.

Amani ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo iko miamba iliyo nje ya mipaka, penye mashamba ya iliki na mahindi. Mimi simlaumu mkulima: iliki humlipia mtoto karo, ua halimlipii kitu. Lakini anayekaa mjini asidhani habari hii ni ya watu wa milimani peke yao. Msitu unaoutia kivuli mmea huu ndio unaoulisha Mto Zigi, na maji ya Zigi ndiyo yanayotoka katika mabomba ya Tanga.