Shilingi ya Waziri na makato ya LUKU

Nunua umeme mwanzoni mwa mwezi, uwe Pasua au Njoro mjini Moshi, na risiti ya LUKU itakuonyesha kuwa si pesa yako yote iliyogeuka uniti. Shilingi 1,500 zimekwenda kwenye kodi ya jengo. TANESCO wanalaumiwa bure. Makato hayo yalianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, yakapandishwa na ile ya 2023.

Sheria ya Fedha hufunga mlolongo wa bajeti, na wengi hudhani bajeti ni ile hotuba ya Juni tu. Kumbe tangu Aprili kila wizara hupeleka Dodoma makadirio yake. Nishati ni Fungu 58. Waziri husoma, kamati husoma maoni yake, wabunge huchangia kwa dakika za kuhesabu, kisha Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na Spika hugeuka Mwenyekiti.

Hapo ndipo penye uhondo. Tuseme mbunge wa Vunjo ana vitongoji ambavyo nguzo za Wakala wa Nishati Vijijini (REA) hazijafika. Husubiri kifungu chenye mshahara wa Waziri, husimama na kutoa shilingi, yaani kuomba mshahara huo upunguzwe kwa shilingi moja. Akiungwa mkono, hoja hujadiliwa. Waziri huahidi, na mara nyingi shilingi hurudishwa. Muda ukiisha, mafungu yaliyosalia hupitishwa kwa mkupuo, ndiyo gilotini ya bungeni, na mabilioni hupita bila kuulizwa.

Kwa nini kung'ang'ania shilingi moja badala ya kulikataa fungu zima? Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Bajeti hupigiwa kura kwa kuita majina, mmoja mmoja, NDIYO au HAPANA. Hapana zikizidi, wote wanaweza kujikuta majimboni wakiomba kura upya.

Hata hivyo, wabunge waliwahi kukaba. Julai 18, 2011, nchi ikiwa kwenye mgawo mkali wa umeme, bajeti ya Nishati na Madini ya William Ngeleja ilipingwa na wabunge wa CCM na wa upinzani vilevile. Beatrice Shellukindo, mbunge wa Kilindi, alianika barua ya Katibu Mkuu wa wizara iliyozitaka taasisi zake zichange shilingi milioni 50 kila moja kufanikisha bajeti. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaomba wiki tatu. Kura ya hapana haikupigwa kamwe: bajeti iliondolewa, ikarudi Agosti, ikapita. Kwa maoni yangu Bunge letu lina nguvu zaidi linapochelewesha kuliko linapopiga kura, na siku ile lilichelewesha kweli.

Kwa Muswada wa Sheria ya Fedha, ambao ndio uliokufikisha kwenye risiti ile, nafasi hiyo ni finyu. Huja mwishoni mwa Juni, bajeti imeshapita na Julai 1 inabisha hodi. Hakuna mshahara wa waziri wa kushikia shilingi. Wadau hupewa siku chache za kutoa maoni mbele ya Kamati ya Bajeti, Dodoma, na wanaofika ni vyama vya wafanyabiashara kuliko mwenye nyumba wa Pasua. Jirani zetu Wakenya walimalizia hasira barabarani: Bunge lao lilipitisha Muswada wa Fedha Juni 25, 2024, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini.

Kwetu uko mlango mdogo usiotumika sana. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia pendekezo la kupandisha kodi lisiloletwa na Rais kupitia kwa Waziri, lakini imeacha wazi suala la kupunguza. Mbunge wa Moshi Mjini akitaka 1,500 irudi 1,000, anaweza kuandika jedwali la marekebisho, akalipeleka kwa Katibu wa Bunge kabla muswada haujafika Kamati ya Bunge Zima.