Tumbo la Mgonjwa Linapokataa Chakula: Gharama Tusiyoihesabu



Makanisa yetu ya mashariki yanajua kutembelea wagonjwa. Mshiriki akilazwa, habari inafika kwa mashemasi, sadaka inakusanywa, wamama wanapika. Lakini kuna mgonjwa ambaye chakula cha wamama hakimfikii: yule aliye mahututi, asiyeweza kumeza, anayelishwa kwa sonda. Na kuna shida inayompata ambayo inaongeza faktire kimyakimya: tumbo lake linakataa kile anachopewa.

Sonda ni mpira mwembamba unaopitishwa puani hadi tumboni. Hapa Tanganyika wengi tumeiona kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Mtoto akishindwa kunywa maziwa ya tiba yanayoitwa F-75, muuguzi anayapitisha kwa sonda, kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu. Mtu mzima aliyezimia baada ya ajali ya pikipiki, au aliyepigwa na kiharusi, anaweza kulishwa kwa njia hiyo hiyo.

Kwa nini tumbo linakataa? Ugonjwa mkali unapoupiga mwili, damu inapelekwa kwanza kwenye moyo na ubongo, na tumbo linapunguza kazi yake. Dawa za usingizi na za maumivu makali zinalipunguzia mwendo zaidi. Basi chakula kinakaa bila kushuka. Mgonjwa anatapika, tumbo linajaa na kuwa gumu, wengine wanaharisha. Jambo hili si la ajabu: kati ya wagonjwa mahututi wanaolishwa kwa sonda, karibu mmoja kwa kila watatu au wanne hupatwa nalo, hata katika hospitali tajiri za Ulaya na Marekani. Kwa hiyo tusiruhusu mtu aseme kando ya kitanda kwamba mgonjwa amelogwa kwa kuwa amekataa chakula. Neno hilo limevunja jamaa nyingi, na limewatupa watoto wasio na hatia nje ya nyumba zao.

Sasa tuhesabu gharama. Ya kwanza ni ya mwili wenyewe. Mgonjwa asiyepata chakula cha kutosha anapoteza nguvu za misuli, hata ile ya kupumua. Akitapika amelala chali, chakula kinaweza kuingia katika mapafu na kuleta nimonia. Hapo panahitajika antibiotiki na oksijeni ambazo hazikuwa katika hesabu ya siku ya kwanza.

Ya pili ni ya siku. Wagonjwa wa namna hii kwa kawaida wanakaa muda mrefu zaidi, na kila siku ina kitanda chake, sindano zake, glavu zake, serumu yake. Zipo dawa za kusaidia tumbo kushusha chakula, kama metoklopramidi, na bei yake si kubwa. Lakini nguvu yake inapungua baada ya siku chache. Kulisha kwa njia ya mshipa wa damu kunahitaji vifaa ghali, usafi mkubwa na vipimo vya kila mara. Na kumpeleka mgonjwa mahututi Lubumbashi kwa ndege si jambo la kila jamaa.

Ya tatu ni ya nyumba. Mama anayeuza ndakala sokoni anaacha meza yake ili amlinde mume wake. Siku tano zinakuwa ishirini. Mtaji unaliwa, karo ya watoto inakosekana, parsele inauzwa, au mkopo wa riba kali unachukuliwa. Wengine wanamtoa mgonjwa kabla ya wakati. Wengine wanapona, kisha wanazuiliwa hospitalini kwa deni.

Katika Luka 10, Msamaria hakuishia kumfunga majeruhi vidonda. Alimlipia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, kisha akaahidi kwamba gharama ikizidi, atailipa atakaporudi. Alijua kwamba uponyaji unaweza kuzidi hesabu ya kwanza. Sisi mara nyingi tunatoa dinari mbili na kwenda zetu. Sadaka yetu inakusanywa juma la kwanza, wakati wote wamesikia habari. Juma la tatu, deni linapokuwa zito, jamaa imebaki peke yake.

Tufanye nini? Sanduku la wagonjwa ligawanywe: sehemu itolewe mapema, sehemu ingojee faktire ya pili. Mashemasi wapange zamu ya kumlinda mgonjwa, ili yule mama arudi sokoni hata siku tatu kwa juma. Mtu mmoja mwenye utulivu achaguliwe kuongea na daktari na kuuliza wazi: siku ngapi zaidi, dawa zipi, bei gani?

Na tuwe wasaidizi wasiodhuru. Mtu asimwage uji ndani ya sonda bila ruhusa ya muuguzi, hata kwa huruma: uji mzito unaziba mpira, na ule uliokaa muda mrefu unaleta kuhara. Kichwa cha mgonjwa kiinuliwe kama muuguzi alivyoonyesha, na tusimlaze chali ili tumwombee. Akitapika, tumbo likijaa, muuguzi aitwe mara moja. Na muuguzi akipunguza chakula, tusidhani anamnyima: tumbo lililochoka linaanza upya kwa kidogo.

Mchungaji anayesoma haya aulize Jumapili hii: ni nani kati yetu ambaye mtu wake amelazwa zaidi ya majuma mawili? Jamaa hiyo itembelewe wiki hii, na mfuko usiwe mtupu.