Sauti ya Msafiri na Pendekezo la Filamu: Tokyo-Ga ya Wim Wenders na Sinema ya Yasujiro Ozu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna filamu ya safari inavyofanya kazi mbili kwa pamoja: kuonesha mahali pageni na kupendekeza sanaa ya mahali hapo kwa hadhira isiyojua lugha yake. Mfano mkuu ni Tokyo-Ga (1985), filamu ambayo mwongozaji Mjerumani Wim Wenders aliitengeneza akiitafuta Tokyo ya mwongozaji Mjapani Yasujiro Ozu. Hoja inayojengwa ni kwamba maneno ya msimulizi ndiyo yanayoamua picha itasomwaje, na kwamba huzuni ya msafiri inaweza kuificha kazi anayoipendekeza. Makala yanaonesha kwamba mambo ambayo Wenders aliyaona kuwa dalili za kutoweka kwa ulimwengu wa Ozu yamo katika filamu za Ozu mwenyewe. Mwishoni yanajadiliwa masuala mawili yanayomhusu anayependekeza filamu hizo kwa Kiswahili: tafsiri ya majina yanayotaja majira ya mwaka, na nafasi ya salamu.

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya karibuni video za safari zinazotengenezwa na watu wanaoishi ughaibuni zimekuwa utanzu wenye kanuni zake. Mtengenezaji hutembea na kamera, husimulia anachokiona, na aghalabu huwashauri watazamaji wake wale nini, wazuru wapi na watazame filamu zipi ili waielewe nchi husika. Uhakiki wa utanzu huu katika Kiswahili bado ni mchache, ingawa masimulizi ya safari yenyewe si mageni katika fasihi yetu. Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, una maelezo ya Selim bin Abakari kuhusu safari yake ya Urusi na Siberia. Humo msafiri anawaeleza wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki nchi ambayo wengi wao wasingeiona kamwe. Mtengenezaji wa video wa leo amerithi kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba msomaji wa Selim alikuwa na maneno peke yake, ilhali mtazamaji wa leo ana maneno na picha, na huelekea kuamini kwamba picha haihitaji mkalimani.

Imani hiyo ndiyo inayochunguzwa hapa. Tokyo-Ga imechaguliwa kwa sababu ndani yake safari na pendekezo havitenganiki. Wenders anakwenda Japani kwa sababu ya filamu, na anawasimulia watazamaji Japani ili wazipende filamu hizo.

2.0 Maneno juu ya Picha

Mfano ulio wazi wa uwezo wa maneno juu ya picha ulitolewa na mwongozaji Mfaransa Chris Marker katika Lettre de Sibérie (1957). Mtaa mmoja wa mji wa Yakutsk, wenye basi, gari na wafanyakazi wanaotengeneza barabara, unaoneshwa mara tatu kwa picha zile zile. Mara ya kwanza msimulizi anausifu, mara ya pili anaubeza, na mara ya tatu anajaribu kutoegemea upande wowote. Picha hazibadiliki, lakini mtazamaji huona miji mitatu. Zaidi ya hayo, simulizi la tatu nalo halina uadilifu kuliko mengine. Kutoegemea upande pia ni chaguo la maneno.

Wasemaji wa Kiswahili wanaifahamu hali hii kwa njia nyingine. Katika mabanda ya video ya Tanzania, watafsiri kama Lufufu walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakifafanua, wakitania na kuongeza yao. Mtazamaji alijua kwamba anasikia sauti ya mtu wa tatu aliyesimama kati yake na filamu. Katika video ya safari sauti hiyo ya kati imejificha: mwenye kamera ndiye msimulizi, na maneno yake husikika kana kwamba yametoka ndani ya picha. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza video ya safari ni hili: kama sauti ingezimwa, je, picha zingesema lile linalosemwa?

3.0 Safari ya Wenders

Wenders alipiga picha za Tokyo-Ga katika majira ya kuchipua ya mwaka 1983, takriban miaka 20 baada ya kifo cha Ozu. Ozu alizaliwa tarehe 12 Desemba 1903 na kufariki tarehe 12 Desemba 1963, siku alipotimiza miaka 60, akiwa ameongoza filamu zaidi ya 50. Kaburi lake liko katika hekalu la Engaku-ji, Kamakura, na jiwe lake lina alama moja tu ya maandishi, mu, ambayo maana yake inakaribia ‘kutokuwapo kitu’. Wenders alilizuru. Aliwahoji pia Chishu Ryu, mwigizaji aliyeonekana katika filamu nyingi za Ozu, na Yuharu Atsuta, mpigapicha wake wa miaka mingi, ambaye mwishoni mwa mahojiano anazidiwa na machozi.

Jina la filamu linaeleza mradi wake. Filamu ya Ozu inayojulikana kuliko zote ni Tokyo Monogatari (1953). Neno monogatari lina maana ya hadithi, hivyo jina hilo ni ‘Hadithi ya Tokyo’. Wenders amechukua neno ga, lenye maana ya picha, ambalo limo pia katika eiga, yaani filamu. Amekuja na ‘Picha ya Tokyo’: si hadithi, bali macho. Hata hivyo, filamu yake inaanza na kuisha kwa vipande vya Tokyo Monogatari, na katikati imejaa sauti yake mwenyewe. Aliyekusudia kutazama tu ameishia kusimulia.

Tukio moja linabainisha tatizo la msafiri kwa usahihi. Ozu aliiweka kamera chini, karibu na kimo cha mtu aliyeketi kwenye mkeka wa tatami, na alipendelea lenzi ya milimita 50. Wenders anapiga picha ya kichochoro kimoja cha Tokyo kwa namna yake, kisha anaweka lenzi ya milimita 50 na kukipiga tena. Anakiri kwamba picha ya pili si yake tena. Mahali ni pale pale. Kilichobadilika ni umbali kati ya mtazamaji na kinachotazamwa. Hili ni somo la msingi kwa mtengenezaji wa video: mtindo ni msimamo kuhusu watu unaowaonesha, na msimamo huo huanza kabla ya neno la kwanza kutamkwa.

4.0 Huzuni Inayoficha

Katika Tokyo-Ga Wenders anaonesha kumbi za pachinko, ambako watu huketi mbele ya mashine za vigololi kwa saa nyingi. Viwanja vya juu ya majengo ambako watu hupiga mipira ya gofu isiyo na shimo la kuingia. Na televisheni zilizoenea kila mahali. Msimulizi anayachukulia hayo kama ushahidi kwamba ulimwengu wenye mpangilio alioujua katika filamu za Ozu umetoweka. Simulizi lake lina mvuto, na watazamaji wengi wameondoka wakiamini kwamba Ozu ni mwombolezaji wa Japani ya kale.

Filamu zenyewe hazikubaliani na usomaji huo. Pachinko imo katika Ochazuke no Aji (1952), ambamo Chishu Ryu yule yule aliyehojiwa na Wenders anaigiza mwenye ukumbi wa mchezo huo. Televisheni ndiyo kiini cha Ohayo (1959): watoto wawili wanagoma kuzungumza mpaka wazazi wao wainunue. Gofu imo katika Sanma no Aji (1962), filamu ya mwisho ya Ozu, ambamo mume kijana anatamani seti ya fimbo za gofu na suala hilo linazua mvutano kati yake na mkewe. Pamoja na hayo, kamera ya Ozu hurudi tena na tena kwenye mabomba ya moshi ya viwanda, treni na mabango ya baa.

Maana ya ushahidi huu ni kwamba Ozu hakuonesha ulimwengu uliotangulia mabadiliko. Alionesha mabadiliko yakiingia nyumbani, yakiketi sebuleni pamoja na familia na kujadiliwa wakati wa chakula. Katika Tokyo Monogatari wazazi wazee wanasafiri kutoka Onomichi kuwatembelea watoto wao Tokyo na kuwakuta hawana nafasi. Anayewapa nafasi ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani. Filamu hiyo ilitoka miaka 8 tu baada ya vita. Kupotea kwa utaratibu wa zamani ni mada yake, si jambo lililokuja kuiharibu baadaye.

Kosa la msimulizi, basi, ni la kimantiki kabla ya kuwa la kihisia. Alichukua utulivu wa mtindo kuwa utulivu wa jamii. Kamera isiyosogea ilimfanya aamini kwamba kilichokuwa mbele yake nacho hakikusogea. Wenders alirejea Tokyo miongo minne baadaye na kutengeneza Perfect Days (2023), kuhusu msafishaji wa vyoo vya umma aitwaye Hirayama, jina la ukoo wa familia ya Tokyo Monogatari. Humo hakuna sauti ya msimulizi inayomwambia mtazamaji kilichopotea. Mtu anaoneshwa akifanya kazi yake siku baada ya siku, na Koji Yakusho, aliyemwigiza, alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume huko Cannes. Kunyamaza kwa msimulizi kumemkaribisha kwa Ozu kuliko maombolezo yake ya awali.

5.0 Majira na Majina

Anayependekeza filamu za Ozu kwa Kiswahili hukutana na kikwazo mlangoni, katika majina. Mengi yametajwa kwa majira ya mwaka, na majira hayo humfikia Mswahili kwa kupitia Kiingereza. Filamu ya mwaka 1961, Kohayagawa-ke no Aki, inataja majira ya kupukutika majani ya ukoo wa Kohayagawa, lakini jina lake la Kiingereza linazungumzia mwisho wa kiangazi. Bakushu (1951) imeandikwa kwa alama za ngano na majira hayo hayo ya majani kupukutika, ingawa neno zima hutaja wakati ngano inapoiva, yaani mwanzo wa kiangazi. Sanma no Aji ni ‘Ladha ya Sanma’, samaki anayeliwa sana majira hayo. Jina la Kiingereza limemwondoa samaki na kubakisha alasiri.

Kutumia neno vuli hapa, kama ifanyikavyo mara nyingi, kunaleta maana nyingine. Vuli ya Afrika Mashariki ni mvua fupi za mwisho wa mwaka, wakati wa kupanda. Majira anayoyataja Ozu ni ya mavuno yaliyokwisha na umri unaoelekea ukingoni: baba anamwoza binti yake na kubaki peke yake. Msomaji akiambiwa vuli atatarajia chipukizi mahali ambapo filamu inaonesha jani linaloanguka. Ni heri kueleza kwa urefu, au kubakiza jina la Kijapani na kulifafanua.

6.0 Salamu kama Lango

Swali la mwisho ni aanze na ipi. Wapendekezaji wengi huanza na Tokyo Monogatari kwa sababu ya umaarufu wake. Kwa hadhira ya Waswahili kuna sababu ya kiisimu ya kuanza na Ohayo, jina ambalo ni salamu ya asubuhi. Watoto wa filamu hiyo wanapokaripiwa kwa maneno mengi, wanajibu kwamba watu wazima ndio wenye maneno matupu: salamu, hali ya hewa, kuulizana unakwenda wapi. Kisha wananyamaza, na kunyamaza kwao kunazua ugomvi wa majirani, kwani mwanamke asiyesalimiwa na watoto anadhani mama yao ana kinyongo naye.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa jambo hilo. Anajua kwamba ‘habari za nyumbani’ haidai ripoti, kwamba jibu ni ‘nzuri’ hata palipo na ugonjwa ambao utatajwa baadaye, na kwamba mtoto aliyepita bila shikamoo amewasemea wazazi wake. Wanaisimu, tangu Malinowski, wameiita kazi hii ya lugha kuwa ya kudumisha uhusiano, si ya kupasha habari. Mwishoni mwa filamu kijana na msichana wanaopendana wanasimama kwenye jukwaa la stesheni wakizungumzia hali ya hewa na mawingu. Mtazamaji aliyelelewa katika salamu ndefu ataelewa kwamba hapo pana tamko la mapenzi.

Akishakuielewa Ohayo, mtazamaji huyo ataiendea Tokyo Monogatari akiwa na sikio lililo tayari. Atatambua kwamba heshima ya Noriko kwa wakwe zake, anaowaita baba na mama, ina uzito ambao manukuu ya Kiingereza hayaubebi vizuri, na ambao Kiswahili kina maneno ya kuubeba. Sanma no Aji yaweza kufuata.

7.0 Hitimisho

Imeoneshwa kwamba pendekezo la filamu ndani ya masimulizi ya safari ni tendo la ufasiri, na lina hatari zote za ufasiri. Tokyo-Ga imewafikisha watazamaji wengi kwa Ozu, na hiyo ni hidaya kubwa. Lakini imewafikisha wakiwa wameshaambiwa waomboleze. Kwa watengenezaji wa video wanaotumia Kiswahili ughaibuni, na kwa wahakiki watakaozichunguza kazi zao, yapo mambo matatu ya kuzingatia: kupima kama picha inabeba kinachosemwa juu yake, kurudi kwenye kazi inayopendekezwa kabla ya kutangaza kilichopotea, na kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe mlango wa kuingilia kazi hiyo badala ya kupita mlango wa lugha ya tatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona tu ikiwa mgeni ameuliza hali yake kabla ya kumlilia.