Hygiea na Shimo Lililokosekana

Wanangu, sogeeni niwasimulie kisa cha shimo. Shimo lenyewe halikuwa hapa duniani. Wataalamu wa nyota walilitafuta kwenye jiwe kubwa linalozunguka Jua huko mbali, ng'ambo ya sayari ya Mirihi, na walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba wangelikuta. Hawakulikuta. Kule kulikosa ndiko kulikowafundisha jambo ambalo shimo lenyewe lisingewafundisha.

Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna mawe mengi mno yanayozunguka Jua. Haya ndiyo asteroidi. Mengi ni madogo, lakini machache ni makubwa kweli. Ya kwanza kuonekana ni Ceres, iliyogunduliwa na Giuseppe Piazzi mjini Palermo tarehe 1 Januari 1801. Ina upana wa kilomita 940 hivi, na siku hizi huhesabiwa kuwa sayari kibete. Mwaka uliofuata daktari Heinrich Olbers wa mji wa Bremen, Ujerumani, aliigundua Pallas, na mwaka 1807 akaigundua Vesta. Hygiea, ambayo ndiyo ya kisa chetu, iligunduliwa na Annibale de Gasparis mjini Naples, Italia, mwaka 1849.

Nasema waligundua, lakini walichokiona kilikuwa nukta tu ya mwanga. Darubini zao hazikuweza kuonyesha bonde wala mlima. Kwa zaidi ya miaka mia moja asteroidi zilikuwa na majina, njia zake zikapigiwa hesabu, ila hakuna aliyeuona uso wake.

Hata hivyo, nukta husema kwa anayejua kuisikiliza. Asteroidi hujizungusha, na mwanga wa Jua unaorudi kutoka kwake huongezeka na kupungua. Jiwe refu likituonyesha ubavu wake, hung'aa zaidi. Likituelekezea ncha, hufifia. Katika mzunguko mmoja jiwe la namna hiyo hutuonyesha ubavu mara mbili, kwa hiyo mwanga hupanda mara mbili. Basi wataalamu walipima mwanga usiku baada ya usiku, wakahesabu kupanda na kushuka kwake, wakajua jiwe linajizungusha kwa saa ngapi. Ikumbukeni hesabu hii ya mara mbili, maana Hygiea iliwapotosha watu kwa hiyo hiyo.

Kwa nini basi watu wahangaike kutafuta mashimo? Kwa sababu shimo ni ushahidi. Jiwe likigongwa na jiwe lingine linalokuja kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde, hubaki na shimo la mviringo liitwalo kasoko. Duniani mvua, upepo na mito hufukia makasoko mengi. Kwenye asteroidi hakuna mvua wala upepo. Kasoko hubaki mpaka mgongano mwingine uje kuifuta. Atakayeweza kuziona kasoko za asteroidi atasoma mambo yaliyoipata kabla hata ya mnyama wa kwanza kutembea duniani.

Vesta ilikuwa ya kwanza kuisimulia habari yake vizuri. Mwaka 1970 Thomas McCord na wenzake walichunguza rangi za mwanga wake, wakakuta zinafanana na za aina fulani ya vimondo vilivyoanguka duniani, vyenye mawe yaliyowahi kuyeyuka. Yaani tulikuwa na vipande vya Vesta mikononi, ila hatukujua vilichomokaje. Mwaka 1993 Richard Binzel na Shui Xu walionyesha kwamba kuna asteroidi ndogo zenye rangi hizo hizo, zimetapakaa kutoka karibu na Vesta mpaka eneo ambalo mvuto wa Mshtarii huyachota mawe na kuyatupa upande wetu. Ikabaki kuliona jeraha. Mwaka 1996 darubini ya Hubble, inayoizunguka Dunia juu ya hewa, iliitazama Vesta ikijizungusha. Upande wa kusini umbo lake lilikuwa limemegeka. Kulikuwa na kasoko iliyokadiriwa kuwa na upana wa kilomita 460, kwenye jiwe lisilofika hata kilomita 600!

Mwaka 2011 chombo cha anga cha Dawn kilifika Vesta na kuipiga picha kwa karibu. Hubble ilikuwa imesema kweli. Kasoko ile sasa inaitwa Rheasilvia, na katikati yake umesimama mlima wenye kimo cha kilomita 20 na zaidi, mara tatu ya Kilimanjaro na ushee. Mgongano ulioichimba ndio uliorusha vipande vingi angani. Mwaka 1942 kimondo cha aina hiyo, chenye uzito wa kilo 11 hivi, kilianguka karibu na Kapoeta, mji ulio Sudan Kusini ya leo, upande wa kuelekea mpaka wa Kenya. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba vimondo vya aina hiyo vimetoka Vesta. Mimi hili halijaacha kunishangaza.

Sasa turudi kwa Hygiea. Nayo ina familia: asteroidi ndogo karibu 7,000 zinazozunguka Jua kwa njia zinazofanana na yake, dalili ya kwamba zote ni watoto wa mgongano mmoja. Fikirini wenyewe. Vesta ina familia, na ina shimo kubwa. Hygiea ina familia kubwa. Je, msingetarajia shimo? Wataalamu nao walitarajia hivyo hivyo.

Tatizo lilikuwa kuuona uso wake. Hygiea ina upana wa kilomita 430 hivi, lakini iko mbali, karibu kilomita milioni 300 hata inapotukaribia. Kuiangalia kutoka hapa ni kama kukaa Dar es Salaam ukautazama mpira wa miguu uliowekwa njia ya Morogoro, huko mbele umeshaipita Chalinze. Kisha kuna hewa. Tabaka za hewa yenye joto na baridi husogea bila kutulia, na huyumbisha mwanga unaopita ndani yake. Ndiyo maana nyota humetameta. Jambo la tatu halitajwi sana: vivuli. Mkitaka kuona makasoko ya Mwezi vizuri, utazameni ukiwa nusu, wakati Jua linaumulika kwa ubavu na vivuli ni virefu. Asteroidi za ukanda ule tunaziona zikiwa zimemulikwa karibu uso wote, kwa hiyo vivuli vyake ni vifupi na mashimo hujificha.

Jawabu lilipatikana Chile, katika jangwa la Atacama, juu ya mlima Paranal, mita 2,635 kutoka usawa wa bahari. Huko nchi za Ulaya zimejenga darubini nne kubwa, kila moja na kioo chenye upana wa mita 8.2. Moja yao inaitwa Melipal, jina la lugha ya Wamapuche, na imefungiwa kifaa kinachoitwa SPHERE. Ndani yake kuna kioo chembamba kinachokunjwa na kukunjuliwa na vijisukumio vidogo zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde. Hewa ikiuyumbisha mwanga upande huu, kioo hujipinda upande wa pili kuusawazisha. Kifaa hiki kilitengenezwa kwa ajili ya kutafuta sayari za nyota nyingine, lakini Pierre Vernazza wa Marseille, Ufaransa, na wenzake waliomba kukielekeza kwenye asteroidi.

Kabla ya kuamini macho yao, walihitaji kuyapima. Walipiga picha ya Vesta kutoka Paranal, wakailinganisha na picha za Dawn. Ule mlima wa katikati ya Rheasilvia ulionekana! Napenda sana hatua hii ya kazi yao. Mtu mwenye chombo kipya hukimbilia kutafuta kisichojulikana. Wao walikielekeza pia kwenye kinachojulikana, ili wajue chombo chao kinasema kweli kiasi gani.

Hygiea yenyewe waliipiga picha mwaka 2017 na 2018. Walipata picha za karibu uso wake wote, asilimia 95 hivi. Wakatafuta shimo. Wakaona kasoko mbili tu, na hakuna hata moja iliyotosha kuzaa familia ile. Badala yake wakaona jiwe lenye umbo la tufe, karibu sawa na Ceres kwa umviringo. Na hapo kosa la zamani likafichuka. Kwa miaka mingi ilidhaniwa Hygiea hujizungusha kwa saa 27 na ushee, kwa kuwa watu walidhani mwanga wake hupanda mara mbili kwa mzunguko kama wa mawe marefu. Lakini tufe halina ubavu wala ncha. Mwanga wa Hygiea hupanda mara moja tu, kwa sababu ya sehemu za uso wake zinazong'aa kuliko nyingine, na muda wa kweli ni nusu ya ule: saa 13.8.

Familia basi ilitoka wapi? Waliliweka swali kwenye kompyuta, wakagonganisha mawe ya kubuni kwa hesabu. Jibu lililoelekea kuwa kweli ni hili: miaka bilioni 2 hivi iliyopita, jiwe la upana wa kati ya kilomita 75 na 150 liliigonga Hygiea uso kwa uso. Halikuichimba shimo. Liliivunja yote. Vipande vikatawanyika, kisha mvutano wao ukavirudisha vingi pamoja, na kifusi hicho laini kikajipanga kuwa tufe. Vilivyobaki nje ndiyo familia. Shimo halikuonekana kwa sababu Hygiea tunayoiona leo ilijijenga upya baada ya mgongano huo.

Pallas ilitoa habari ya namna nyingine. Njia yake imeinama sana, nyuzi karibu 35, hivyo hukatiza ukanda wa asteroidi kwa mshazari na kugongana na wenzake kwa kasi kubwa kuliko kawaida. Michaël Marsset na wenzake walihesabu juu yake angalau makasoko 36 yenye upana unaozidi kilomita 30. Kwa mkosi wa njia yake tu, imepigwa kuliko majirani zake.

Mwaka 2021 picha za asteroidi 42 zilizopigwa kwa SPHERE zilitolewa pamoja. Nyingine ni tufe, nyingine zimerefuka, na Kleopatra, yenye urefu wa kilomita 270, ina vichwa viwili vilivyounganishwa na shingo, tena ina miezi miwili midogo. Mlimani Armazones, jirani na Paranal, inajengwa darubini yenye kioo cha mita 39, itakayoweza kuonyesha asteroidi ndogo zaidi ya hizi.

Nanyi msingoje darubini hiyo. Vesta hutukaribia kila baada ya miezi 16 au 17, na penye giza la kutosha, mbali na taa za mji, darubini ndogo ya mkononi huionyesha bila shida. Mwombeni mwalimu awasaidie kujua iko sehemu gani ya anga. Choreni kwenye karatasi nyota mnazoziona hapo, kisha rudieni baada ya siku tatu au nne. Nukta iliyohama ndiyo Vesta.